Mkunga Aliyeingia Mkavu

Mkunga aliingia kutoka mvuani akiwa mkavu.

Rosalia aliliona hilo kabla hajaona kingine chochote. Alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka, ameng'ang'ania tendegu la kitanda, uchungu umemwachia kidogo avute pumzi. Mlango ukafunguliwa, akaingia dada yake Anjelina, kanga imemgandia mwilini, maji yanamchuruzika puani na kidevuni. Nyuma yake akaingia mwanamke mrefu aliyevaa buibui, na buibui lile lilikuwa kavu kama nguo iliyotoka sandukuni sasa hivi. Nje masika ya mwaka sabini na nne yalikuwa yakipiga bati kwa nguvu, hata watu waliokaa ubavu kwa ubavu walilazimika kupaziana sauti.

"Bi Hija yuko wapi?" Rosalia aliuliza.

"Ameitwa kwingine," Anjelina alijibu huku akitia komeo mlangoni. "Huyu ni mwenzake. Anatosha, mdogo wangu. Anatosha kabisa."

Yule mwanamke hakupiga hodi, hakutoa salamu, hakuuliza uchungu umeanza lini. Alisimama katikati ya chumba akamtazama Rosalia tumboni, kama mtu anavyotazama chungu kilichokaribia kuiva.

Kuku aliyekuwa anaatamia mayai chini ya kitanda akatoka mbio, akapenya kidirisha kisichoweza kupitisha mtu, akatokomea kwenye mvua.

Nyumba yenyewe ilikuwa Mtoni, upande wa Temeke, nyumba ya fito na udongo iliyoezekwa bati. Rosalia aliishi humo na mumewe Romani, mchonga vinyago, pamoja na mama mkwe wake, Bernadeta, mama wa Kimakonde mwenye chale usoni na ulimi usiomwonea mtu haya. Siku ile Romani alikuwa ameondoka alfajiri kwenda karakana ya ushirika wao, mbali huko kwenye barabara ya Bagamoyo. Bernadeta naye alikwenda kupanga foleni kwenye duka la kaya, maana zilikuwa zimevuma habari kwamba unga na sabuni vimeletwa, na mwaka ule habari kama hiyo ilimtoa kitandani hata mgonjwa. Kabla hajatoka alimvisha Rosalia rozari yake shingoni, akaacha jiko la mkaa linawaka pembeni na punje za ubani juu ya kaa, akasema kwa ukali wake wa kila siku, "Uchungu ukianza, mtu amfuate Bi Hija. Bi Hija na si mwingine. Umenisikia?"

Rosalia alimsikia, lakini hakumtilia maanani sana. Hakuwahi kuwa na raha mbele ya mama mkwe wake. Mtu aliyemtegemea ni Anjelina.

Na angeachaje kumtegemea? Mama yao alifariki Rosalia akiwa bado ananyonya. Anjelina, naye msichana mdogo ambaye hata kifua hakijajaa, ndiye aliyembeba mgongoni kwenda shamba, kwenda kisimani, kwenda kanisani. Ndiye aliyemtafunia muhogo akamlisha. Alipoolewa na Leonardi akaletwa Dar es Salaam, alikaa mwaka mmoja tu, akamtuma mtu Masasi amchukue mdogo wake. Hata Romani, Anjelina ndiye aliyemleta kuposa. Mimba ilipotimia, akaja kutoka kwake Kinondoni kukaa na mdogo wake, na yeye ndiye aliyemshauri asiende hospitali. "Kule watakulaza watatu kitanda kimoja," alisema. "Hapa utakuwa na mie."

Anjelina mwenyewe hakuwa na mtoto. Mimba zake zilikuwa zinatoka, moja baada ya nyingine, na ile moja iliyofika mwisho ilizaliwa imeshanyamaza. Mama yake Leonardi alikuwa ameanza kuleta pale nyumbani binti mmoja, eti wa kusaidia kazi. Anjelina alilizungumza hilo mara moja tu, akicheka, na Rosalia alilia kwa niaba yake usiku mzima.

Sasa yule mwanamke mrefu alichutama mbele ya Rosalia, akaweka mikono tumboni. Ilikuwa mikono ya baridi, na viganja vyake vilikuwa laini kama kauri ya sahani, bila mstari hata mmoja. Kukaja harufu ya udongo wa kisima kilichoachwa.

"Hiyo rozari inambana pumzi," alisema. "Mvueni."

Anjelina akamvua kwa mikono yake, akaitupa nje dirishani. Rosalia alishangaa. Dada yake hakuwahi kulala bila kusali, na rozari hata ikianguka chini kwa bahati mbaya alikuwa anaiokota na kuibusu.

"Na hilo jiko. Sipendi moshi."

Anjelina akalibeba jiko pamoja na ubani wake, akalitoa hadi barazani, akarudi akatia komeo tena.

"Dada, maji yatachemkia wapi?" Rosalia aliuliza. Ndipo akagundua kwamba yule mkunga hakuja na kikapu, hakuulizia wembe wala uzi wa kufungia kitovu wala kitambaa. Amekuja na mikono yake tu.

Uchungu ukamrudia, ukamkunja, akasahau aliyokuwa anafikiri.

"Haya mama," yule mwanamke alisema. "Nipe mtoto."

Hilo halikuwa neno geni. Kila mkunga husema hivyo, haya mama, sukuma, nipe mtoto. Rosalia akasukuma.

"Si hivyo," sauti ilisema. Haikutoka mbele alipochutama yule mwanamke, ilitoka nyuma ya sikio la Rosalia, karibu kabisa. "Kwa mdomo. Sema, nimekupa."

"Nini?"

"Sema nimekupa, atoke."

"Sema, mdogo wangu," Anjelina alinong'ona. Alikuwa amempigia magoti ubavuni, anampangusa jasho kwa pindo la kanga. "Sema tu. Yaishe."

Rosalia angesema. Baadaye hakulificha hilo. Kiuno kilikuwa kinapasuka, mwili wote ulikuwa umegeuka mlango mmoja unaosukumwa na kitu kikubwa kuliko mlango, na kama wangemwambia ataje jina la shetani ili apate nafuu angelitaja. Neno lilishafika kwenye ulimi.

Ndipo mlango ulipogongwa.

"Hodi! Hodi humu ndani! Nyie, fungueni, mie Hija!"

Na sauti ya Bernadeta nyuma yake: "Rosa! Nani kafunga huu mlango? Mchana wote huu mnatia komeo la nini?"

Rosalia aligeuza shingo kumtazama dada yake. Anjelina alikuwa anatazama mkeka.

"Dada, fungua."

Anjelina hakusogea.

"Bi Hija yuko mlangoni, dada. Umesema ameitwa kwingine. Fungua."

"Nyamaza uzae," Anjelina alisema polepole.

Nje Bernadeta alikuwa anapiga kelele kwamba Bi Hija walikuwa naye foleni tangu asubuhi, kwamba hakuna mtu aliyekuja kumwita, kwamba wametumiwa ujumbe na mke wa mjumbe wa nyumba kumi aliyesikia mtu analia. Mvua ilimeza nusu ya maneno. Ajabu ni kwamba ilikuwa inanguruma juu ya bati lote isipokuwa pale juu ya yule mwanamke, ambapo kulikuwa kimya, kama kwamba mvua ilikuwa inapaogopa.

"Huyu ni nani?" Rosalia aliuliza. Sauti ilimtoka ndogo kama ya mtoto. "Dada, umemleta nani?"

Anjelina akamshika uso kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa mekundu, na ndani yake hapakuwa na chuki. Bora ingekuwepo chuki.

"Nilimkuta bombani, jua la utosi, watu wote wamelala," alisema kwa kunong'ona. "Alinijua. Alinitajia wanangu wote waliotoka, Rosa, mmoja mmoja, na majina niliyowapa moyoni ambayo sikumwambia mtu. Akasema watakaokuja watakaa. Akasema lakini aanze na wa kwako."

"Dada."

"Wewe utapata mwingine. Bado kijana, tumbo lako linashika. Mie sina hata mmoja. Hata mmoja! Kila siku nakutazama unavyonenepa, nakupikia, nakusuka nywele, halafu narudi kulala sakafuni kwako na kusikiliza mwanao anavyokupiga mateke. Sema tu. Hutamwona, hutamzoea, haitauma."

Rosalia alitaka kulia akashindwa. Alikuwa anausikia mgongo. Mgongo ule wa Anjelina, mfupa wa bega uliokuwa unamchoma shavu walipokuwa wanapanda mlima wa kwenda kisimani, jasho lake, kanga iliyofungwa kwa nguvu asianguke. Kumbe mtu anaweza kukubeba hivyo, na mikono ile ile ikatia komeo mlangoni.

"Nipe mtoto," alisema yule mwanamke, na safari hii alisema kwa sauti ya Romani, ile sauti ya chini anayoitumia kitandani, na Rosalia alipokunja midomo akasema kwa sauti ya mwanamke mwingine, sauti nyororo iliyokwama kidogo kooni, ambayo Rosalia hakuwahi kuisikia lakini Anjelina aliposikia aliruka akaziba masikio na kupiga ukelele, "Mama!", na hapo Rosalia akajua kwamba amesemeshwa kwa sauti ya marehemu mama yao, na buibui likaanza kutanda kama maji meusi yanavyotanda sakafuni, likafika ukutani, likapanda, chumba kikazidi kuwa cheusi ingawa ilikuwa bado alasiri, harufu ya kisima ikawa nzito hata ulimi ukaionja, na ile mikono laini isiyo na mistari ikawa tumboni, ikawa kiunoni, ikawa mapajani, mingi kuliko mikono ya mtu mmoja, yote imekingwa, yote inangoja, na sauti zote kwa pamoja zinamwambia nipe, nipe, nipe, sema nimekupa.

Rosalia akachukua pindo la kanga akalitia mdomoni, akaling'ata.

Ukuta wa nyuma ukalia: du.

Halafu tena: du. Udongo ukamwagika. Ukuta ule ulikuwa umelowa kwa wiki nzima ya mvua, na upande wa pili kulikuwa na mtu mwenye jembe. Rosalia alimsikia Bernadeta akihema na kutukana Kimakonde matusi ambayo hata Romani hakuwahi kumtafsiria, jembe likishuka, fito zikivunjika moja moja kama mifupa ya kuku.

"Usiseme neno!" Bi Hija alikuwa anapiga kelele kupitia ufa. "Rosa mwanangu, chochote anachokwambia, usiseme! Zaa, na ufunge mdomo!"

Mtoto alikuwa anakuja. Rosalia alimsukuma pembeni dada yake aliyekuwa amemshika bega, akainuka kutoka kwenye magoti akachutama, mgongo kwenye kitanda, akapeleka mikono yake mwenyewe chini, katikati ya ile mikono mingine yote. Alikutana na kichwa, cha moto, kimelowa. Mikono ya baridi ilijaribu kutangulia, lakini haikuweza kushika, ilipita kama moshi unavyopita kwenye vidole. Akasukuma mara ya mwisho, na mtoto akamwangukia viganjani, mzito, anateleza kama samaki. Akambana kifuani na kitovu chake kikiwa bado kinaning'inia, akalitema lile pindo la kanga.

"Simpi mtu!" alisema. "Ni wangu. Simpi mtu!"

Mtoto akalia.

Kile kilichotanda ukutani kikapiga yowe ambalo watu wa Mtoni walilizungumzia kwa muda mrefu baadaye. Wengine walisema ni radi, wengine walisema ni king'ora cha kiwandani. Bati likacheza. Kipande cha ukuta kikaanguka ndani, na kwenye tundu hilo akapenya Bi Hija, mama mfupi mnene, matope hadi kwenye nyusi, mdomo wake haukomi kusoma Ayatul Kursi; na nyuma yake Bernadeta, jembe mkono mmoja, na mkono wa pili rozari aliyoiokota kwenye dimbwi chini ya dirisha, anasema Salamu Maria. Mmoja kwa Kiarabu na mmoja kwa Kiswahili, walisoma pamoja, hakuna aliyemngoja mwenzake, mpaka lile giza likajikunja, likarudi kuwa mwanamke mrefu aliyesimama kwenye kona.

"Toka kwenye nyumba ya watu," Bi Hija alisema.

"Nimekaribishwa." Sauti ilikuwa tulivu.

"Na nani?"

Yule mwanamke hakunyoosha kidole. Aligeuza uso tu, na wote wakageuka naye, wakamtazama Anjelina aliyekuwa amejikunyata kando ya mlango.

Bernadeta alishusha jembe. "Mama yangu," alisema taratibu. "Damu yake mwenyewe."

"Nimeahidiwa na sijapewa," yule mwanamke alisema. "Siondoki peke yangu."

Bi Hija alifunga macho kama mtu anayesikiliza jambo baya alilolitarajia. Kisha akamwambia Rosalia, bila kugeuka, "Mwanangu, mgeni wa aina hii huondoka na aliyemleta. Ninaweza kumtoa sasa hivi, lakini atatoka na dada yako, atamfuata kwake. Au dada yako abaki hapa, na hiki kitu kibaki nyumbani kwako pamoja naye, tupambane nacho siku kwa siku, na mtoto yumo humo humo. Aliyezaa ndiye mwenye neno leo. Mie siwezi kukuamulia."

"Rosa." Anjelina alitambaa kwenye matope ya ukuta mpaka akaushika mguu wa mdogo wake. "Rosa, waambie nibaki. Usiniache niende naye. Nimekulea mie. Mie ndiye niliyekulea!"

Rosalia alimtazama. Alimtazama kwa muda, mtoto analia kifuani, damu inamshuka miguuni. Alitafuta mahali moyoni ambapo dada yake alikuwa anakaa, akakuta pamebomoka kama ule ukuta.

"Toka," alisema. "Toka naye."

Anjelina hakubisha tena. Aliinuka, akaondoa komeo, akatoka. Yule mwanamke akamfuata hatua moja nyuma kama kivuli cha jioni, na Bernadeta aliyekwenda kusimama mlangoni aliona mvua inamlowesha mmoja tu.

Mtoto aliitwa Albano. Romani aliziba ukuta kwa udongo mpya, akauliza mara moja ni kwa nini dada wa mke wake ameondoka bila kuaga, na mama yake akamjibu, "Hayo ya wanawake." Tangu siku ile Bernadeta hakumwita tena Rosalia "mke wa Romani". Alimwita mwanangu, kwa ukali ule ule.

Bi Hija alikuja kusoma dua nyumbani mpaka Albano alipoota meno. Nyumba ikawa shwari. Kuku wakarudi kuatamia chini ya kitanda. Lakini kulikuwa na siku Rosalia alipokuwa anasonga ugali na kugeuka kusema, dada, hebu onja chumvi kwenye mboga, kisha mwiko ukasimama sufuriani. Hasira alikuwa nayo, na ilikuwa nyingi. Kilichomchosha ni kwamba hasira haikumzuia kumkumbuka.

Mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimekwisha, Leonardi alikuja Mtoni na mfuko wa machungwa. Alikuwa mwanamume mpole, dereva wa lori, na siku hiyo alikuwa amevaa shati lake la kanisani.

"Shemeji, Mungu ameona," alisema kabla hajakaa. "Anjelina amejifungua. Wa kiume."

Rosalia alikuwa anapepeta mchele. Bernadeta alikuwa mkabala naye, na mikono yake ikatulia.

"Hongera, shemeji," Rosalia alisema.

"Mtoto mpole sijapata kuona. Tangu azaliwe hajalia hata siku moja. Na mkunga naye mzuri, hajaondoka mpaka leo, anakaa naye humo humo chumbani. Anjelina anasema ni yule yule aliyekuzalisha wewe." Leonardi alicheka, kicheko kikakatika. Akashusha sauti. "Ila huyo mkunga haongei na mtu. Na chakula chake sikioni kikiliwa. Mie siku hizi nalala barazani, shemeji. Sijui ni kwa nini. Nikiingia mle chumbani napata baridi." Akapangusa uso. "Anjelina anakuulizia wewe tu. Kila siku. Nakuomba, njoo umwone."

Alipoondoka, Bernadeta alisema, "Usiende."

"Ni dada yangu, mama."

Bernadeta aliuvuta ungo upande wake. "Basi mtoto anabaki na mie. Na huko, kitu chochote kikikusemesha, usikijibu; ukikijibu umekikaribisha. Hata kikikutaja jina. Hata kikikuambia pole."

Rosalia alifika Kinondoni asubuhi ya Jumapili. Nyumba ilikuwa imefagiwa. Anjelina alikuwa amekaa kitandani, amekonda hata pete ya ndoa ameifunga kwa uzi isichomoke kidoleni, na mapajani alikuwa amemlaza mtoto aliyevikwa kitambaa cheupe. Kwenye kona kulikuwa na kigoda kitupu. Kila baada ya maneno machache Anjelina alikuwa anakitupia jicho, kama mtu anayeomba ruhusa.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja."

"Mwanao hajambo?"

"Hajambo."

Nje watu walikuwa wanapita wakienda kanisani, wanawake wanacheka, viatu vipya vinalia.

"Na wewe alikuambia useme?" Rosalia alisema hatimaye.

Anjelina alitikisa kichwa kukubali. "Nilikuwa peke yangu. Leonardi alikuwa safarini. Hapakuwa na mtu wa kuvunja ukuta. Nikasema nimekupa. Akamchukua, Rosa, akatoka naye uani, nikamsikia mwanangu analia. Alikuwa na sauti kubwa. Alilia mpaka kilio kikaenda mbali, mbali kabisa, kikaisha. Halafu akarudi na huyu."

Rosalia aliuma mdomo. Mkono wake uliinuka wenyewe kumshika dada yake, ukasimama hewani, ukarudi mapajani.

"Sijakuita unisamehe," Anjelina alisema. "Nimekuita nikuone tu. Sina mtu mwingine wa kumtazama."

"Nilikuamini kuliko nafsi yangu," Rosalia alisema. "Ungeniomba nikuzalie, ningekuzalia. Wa pili ningekuletea hapa kwa miguu yangu. Kwa nini hukuniomba?"

Anjelina aliinua uso akamtazama. Inaonekana halikuwahi kumpitia akilini.

Hapo mtoto akageuza kichwa. Alikigeuza taratibu, bila kuyumba, kama mtu mzima anayegeuka kumtazama mgeni aliyeingia. Macho yake yalikuwa wazi na makavu. Akamtazama Rosalia, midomo yake midogo isiyo na meno ikafunguka.

"Shikamoo, mama mdogo," alisema.

Ilikuwa sauti safi, ya adabu, haina hata kitembe. Na mtu aliyelelewa vizuri, akipewa shikamoo, jibu humtoka kabla hajafikiri. Mama mkwe alikuwa amemuusia, naye alikuwa ameapa njia nzima kwamba hatafungua mdomo, na bado neno lilipanda kutoka kooni kwa mazoea ya maisha yake yote, likafika kwenye meno, midomo ikaanza kuachana.

Anjelina akaruka. Mtu aliyekonda vile, hakuna aliyejua nguvu alizitoa wapi. Alimrukia mdogo wake akamziba mdomo kwa kiganja, akambana kwa nguvu zake zote mpaka kichwa cha Rosalia kikagonga ukuta, na huku amemziba hivyo akageuka kwa yule mtoto kitandani, akasema kwa sauti kubwa, sauti ya mtu anayejitia kitanzi mwenyewe:

"Marahaba! Marahaba, mwanangu. Ni mie niliyeitikia. Mie."

Kigoda cha kwenye kona kikalia, kama mtu mzito amekaa vizuri.

Anjelina akamsukuma Rosalia hadi mlangoni, akamtoa nje, hakumwachia mdomo mpaka walipofika juani. "Nenda," alimnong'oneza. "Usirudi tena hapa. Hata ukisikia nimekufa, usije."

Rosalia alitembea, akapanda basi, akateremka, akatembea tena. Alifika Mtoni na chumvi ya kiganja cha dada yake bado iko midomoni. Bernadeta alikuwa uani, Albano mgongoni amefungwa kanga, analia njaa kwa sauti ya kuamsha mtaa. Alimtazama mkwewe kuanzia kichwani hadi miguuni, akauliza swali moja tu.

"Umeitikia?"

Rosalia alitikisa kichwa kukataa. Alitaka kumwambia ni nani aliyeitikia, lakini kilio kilimtangulia, akakaa chini pale pale uani, akanyoosha mikono apewe mwanawe.